Kompyuta ya Mzee Salum Ilivyonukia Futari Kabla ya Magharibi

Jamani, leo nimeaibika mchana kweupe. Tena mbele ya wazee waliofunga. Nimerudi nyumbani sasa hivi, nimejifungia chumbani, na dada yangu Neema anagonga mlango akitaka kujua kwa nini nanukia maandazi. Sifungui. Naandika hapa kwanza. Naandika polepole, mnanijua, kwa hiyo msianze maswali kabla sijamaliza.

Mimi ni fundi simu. (Fundi wa chumbani. Kibao sina, meza sina, wateja wangu ni majirani wa hapa Mwankoko wanaopitisha simu dirishani.) Simu naweza kuifungua yote nikairudisha. Anayenishinda ni mwenye simu. Akiniuliza, "Imeharibika nini?" mimi natazama viatu vyake.

Sasa kule mjini, jirani na soko, kuna mzee anaitwa Mzee Salum. Anauza vitambaa. Mbele ya duka lake kuna kibaraza kizuri, kina kivuli, watu wanapita kutwa nzima. Upande mmoja anakaa Mzee Chande, fundi cherehani, yuko hapo tangu mimi sijazaliwa. Upande wa pili alikuwepo fundi saa, akahamia Dodoma. Nafasi yake iko wazi. Nimeitamani nafasi hiyo tangu kabla ya Ramadhani kuanza. Nimepita mbele yake nikijifanya naenda kununua vitunguu, mpaka Neema akaniuliza kama nafungua mgahawa.

Kuomba hiyo nafasi? Thubutu!

Basi jana Mzee Salum akaniita mwenyewe. Nadhani alichoka kuniona na vitunguu.

"Wewe kijana. Wanasema unatengeneza simu."

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Unatengeneza simu?"

"Ndiyo mzee."

"Na kompyuta?"

Jibu la kweli lilikuwa hili: nimewahi kufungua moja, na nilipoifunga zikabaki skrubu mkononi. Nikasema, "Ndiyo mzee."

Akanieleza shida yake. Ana kompyuta ya kupakata aliyoachiwa na binti yake. Kila siku ya mfungo, baada ya swala ya alasiri, wazee wenzake wanakuja kibarazani kutazama mawaidha. Ni mawaidha ya shehe mmoja kuhusu subira. Shehe anasema subira ina mambo matatu. Anaeleza la kwanza vizuri sana. Anaeleza la pili. Halafu anasema, "Na jambo la tatu, ambalo ndilo kubwa kuliko yote..."

Pa! Giza. Kompyuta imepata moto, imejizima.

Wanasubiri ipoe. Wanaiwasha. Wanaanza upya mwanzo kabisa, kwa sababu Mzee Salum anasema mawaidha hayarukwi. Jambo la kwanza. Jambo la pili. Na jambo la tatu, ambalo ndilo... Pa! Mfungo umefika katikati na hakuna mzee hata mmoja anayejua jambo la tatu. La kwanza na la pili wanayasema pamoja na shehe, neno kwa neno.

"Kesho njoo uitengeneze," Mzee Salum akasema. "Utaitengenezea hapa hapa, haitoki dukani kwangu. Tukilisikia jambo la tatu, weka meza yako pale alipokuwa fundi saa. Tusipolisikia, endelea na vitunguu vyako."

Kumbe alikuwa anajua!

Usiku kucha nikawaza meza. Leo asubuhi nikajiandaa. Neema akaniwekea chai na kiporo cha viazi. Nikakataa. Mimi ni mtoto wa kanisa, sifungi Ramadhani, lakini nikaona nitakaaje na watu waliofunga mimi nimeshiba mpaka nacheua? Nikaondoka na njaa yangu. (Kumbukeni hili. Litarudi.)

Kwenye begi nikaweka bisibisi, mswaki wa zamani wa kusafishia, na kichupa cha mafuta ya alizeti. Wale wenzangu wa kwetu Mtinko hamtauliza kwa nini. Kwa wengine nieleze. Mama akikamua alizeti hukosi kichupa chako. Kwetu mafuta hayo si ya kupikia tu. Mlango ukilia, alizeti. Mnyororo wa baiskeli ukikauka, alizeti. Ngozi ikipauka kwa ule upepo wetu, alizeti. Sikio likiuma, alizeti ya uvuguvugu. Mimi nimekua nikijua kwamba duniani hakuna kitu kilichokauka ambacho alizeti haikiwezi.

Nikafika. Mzee Chande alikuwa kwenye cherehani yake anashona kanzu za Idi. Akanitazama juu ya miwani.

"Wewe ndiye daktari?"

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Mgonjwa yuko hapo mezani. Usimuue, tumechoka na jambo la pili."

Nikaifungua. Jamani! Kompyuta ikikaa duka la vitambaa inakula vitambaa. Ndani kulikuwa na nyuzi za kila rangi, za vitenge, za khanga, za mashuka, zimejisokota kwenye feni. Ungeweza kujaza mto. Nikatoa kwa mswaki taratibu. Nikapuliza. Kila kitu nilichotoa nikakipanga juu ya gazeti kwa mpangilio ili skrubu zisibaki. Mzee Chande akasimamisha cherehani akasema, "Kumbe kijana ana mkono." Nikafurahi mpaka nikaangusha bisibisi.

Nikaisukuma feni kwa kidole. Ikazunguka, lakini ikalia. Kriii! Kama baiskeli ya baba ikipanda kilima. Halafu nikaona pale kwenye kile kipande cha shaba kinachopata moto, panatakiwa kuwa na ute mweupe wa kupitisha joto. Ute wenyewe ulikuwa umekauka umekuwa kama ukoko wa ugali. Nikaukwangua.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo nilipojichimbia shimo. Karibu na mguu wangu, karibu kabisa, lilikuwepo kopo la Mzee Chande la mafuta ya cherehani. Lile lenye mdomo mrefu. Mafuta mepesi, ya mashine, tone moja linatosha. Nilitakiwa kusema maneno haya tu: "Mzee, naomba tone la mafuta." Na ule ute, duka la vifaa vya simu liko ng'ambo ya barabara. Nilitakiwa kuvuka na kusema: "Mna ute wa kompyuta?"

Nikalitazama kopo. Nikaitazama barabara. Dukani kule kulikuwa na wasichana wawili wanauza.

Nikatoa kichupa cha mama.

Tone la kwanza kwenye feni. Ikanyamaza hapo hapo! Nikaona tone moja ni uchoyo, nikaongeza. Halafu pale kwenye shaba palipokauka, nikasema na hapa napo pamekauka. Nikapaka. Nikapaka vizuri, kama unavyompaka mtoto anayetoka kuoga. Nikafunga. Skrubu hazikubaki hata moja. Nikaiwasha. Feni kimya! Mzee Salum akaja, akainamisha sikio, hakusikia kitu.

"Imepona?"

"Imepona mzee."

(Mungu anisamehe.)

Akaizima tuitunzie alasiri. Kwa hiyo haikupata nafasi ya kupata moto mapema. Ingepata, ningeaibika mbele ya watu wawili. Lakini aibu yangu ilitaka wageni.

Baada ya alasiri wazee wakaja. Wanne, watano, wamevaa kofia zao, midomo imekauka. Wakakaa kwenye mkeka. Mimi nikakaa pembeni karibu na nguzo. Mzee Salum akasema, "Leo tuna fundi. Leo hatuondoki bila jambo la tatu." Wakanitazama wote. Nikatazama viatu. Hawakuwa na viatu, walikuwa wamevua. Nikatazama vidole.

Shehe akaanza. Jambo la kwanza. Wazee wanatingisha vichwa. Kompyuta kimya. Nimeanza kuona meza yangu pale, na kibao, na jina langu limeandikwa kwa rangi nyekundu.

Jambo la pili. Shehe anasema, "Subira ni kuuzuia moyo na kile unachokitamani..."

Harufu ikafika.

Mwanzoni ilikuwa ndogo. Mzee mmoja mnene akainua pua. Akaishusha. Akainua tena. Harufu ilikuwa tamu, jamani. Ni ile harufu ya mafuta mapya yanapoanza kupata moto, kabla hujatia andazi la kwanza.

"Salum," akasema yule mzee mnene, "kwako wanakaanga mapema hivi?"

"Hapana. Bado sana."

"Basi jirani."

"Sikilizeni mawaidha."

"...kile unachokitamani," anasema shehe, "hata kikiletwa mbele ya uso wako..."

"Kimeletwa," akasema mzee mnene.

Nikajua. Nilijua saa ile ile. Ile si harufu ya jirani, ile ni harufu ya jikoni kwa mama. Nikataka kusimama niizime. Nikanyoosha mkono.

"Usiguse!" wakasema wazee wote pamoja. "Jambo la tatu linakuja!"

Nikarudisha mkono. Ningesema nini? "Samahani wazee, inakaangika"? Harufu nayo ikapanda. Paka wa dukani, ambaye mchana kutwa alikuwa amelala kwenye majora ya vitambaa, akaamka. Akaja moja kwa moja. Akakaa mbele ya kompyuta akaikodolea macho kama anamsikiliza shehe.

"Hata paka anataka mawaidha," akasema Mzee Chande.

Mzee Salum akashindwa. Akageuka akaita kwa sauti, "Bi Tatu!"

Bi Tatu ni mke wake. Nyumba yao iko nyuma ya duka. Akatoka na kisu mkononi, alikuwa anamenya mihogo.

"Abee."

"Mama, wazee wamefunga hapa. Mbona unakaanga saa hizi?"

"Nani anakaanga? Jiko langu halijawashwa! Njoo uguse mawe ya jiko kama yana moto!"

"Basi hii harufu..."

Bi Tatu akanusa. Uso wake ukabadilika. Akanusa kushoto, akanusa kulia. Akamtazama kila mzee usoni, mmoja baada ya mwingine, kama mwalimu anayetafuta aliyepiga kelele. Macho yakafika kwangu.

"Na huyu?"

"Huyu ni fundi."

"Hafungi huyu. Mwanangu, umebeba chakula?"

"Hapana mama."

"Usiogope, hukufunga, kula si kosa. Ila usiwakalie wazee na maandazi. Weka ndani, utakula baadaye."

"Sina mama."

"Fungua begi tuone," akasema mzee mnene, na sikujua kama alitaka kunikamata au alitaka andazi.

Nikafungua begi. Bisibisi ikatoka. Mswaki ukatoka. Halafu kichupa. Kimebaki nusu.

Shehe peke yake ndiye anaendelea.

"Mafuta ya kupikia," akasema Mzee Salum taratibu.

"Mafuta anayo," akasema mzee mnene. "Tafuteni sufuria."

Jamani, wakatafuta sufuria! Wazee wazima! Mmoja akachungulia nyuma ya nguzo. Mmoja akaangalia chini ya cherehani ya Mzee Chande. Mimi nimesimama pale na begi tupu, jasho linanitoka, na harufu sasa imekolea mpaka wapita njia wanasimama. Mama mmoja barabarani akauliza sambusa zinauzwa wapi.

Nikaona kwamba nisiposema, watamvua mtu nguo. Nikasema. Sauti ikatoka kama ya kifaranga.

"Ni kompyuta."

"Unasemaje?"

"Kompyuta, mzee. Ndiyo inanukia."

"Kompyuta inapika?"

Bi Tatu hakusubiri jibu. Alimsogeza paka kwa mguu, akainama, akaiinua ile kompyuta kwa mikono miwili na shehe wake ndani, akaiweka puani kama mtu anayechagua samaki sokoni. Akafumba macho.

"Alizeti," akasema. "Ya kukamua nyumbani. Haikuchujwa vizuri." Akafumbua jicho moja. "Ya upande wa Mtinko."

(Sijui alijuaje. Nimelifikiria hilo njia nzima.)

"Ulitia mafuta ya kula humu?" akauliza Mzee Salum.

"Feni ilikuwa inalia, mzee."

Mzee Chande akasimama. Akaokota kopo lake la mafuta ya cherehani, akaliinua juu ili baraza zima lilione.

"Hili ni nini?"

"Mafuta, mzee."

"Ya nini?"

"Ya mashine, mzee."

"Lilikuwa wapi?"

"Kwenye mguu wangu, mzee."

"Nimewahi kumnyima mtu mafuta mimi? Mdomo wako unafanya kazi gani, kijana?"

Na hapo, wapendwa, kabla sijajibu, tumbo langu likajibu. Toka asubuhi halijapata kitu na sasa limevuta harufu ile yote. Likanguruma. Si mngurumo wa kawaida. Lilinguruma kama trekta ikiwashwa, likapanda, likashuka, likamalizia kwa swali.

Bi Tatu akanitazama. "Hujala wewe?"

"Sijala mama."

"Tangu saa ngapi?"

"Tangu jana usiku."

"Na hufungi?"

"Sifungi. Niliona aibu kula, na nyie mmefunga."

Sijui nani alianza kucheka. Nadhani ni mzee mnene. Akashika tumbo, akalala kwenye mkeka. Mzee Chande akatoa miwani akafuta macho. Bi Tatu alicheka mpaka kompyuta ikawa inatikisika mikononi mwake, na katikati ya kelele hizo tukasikia shehe anasema:

"Na jambo la tatu, ambalo ndilo kubwa kuliko yote..."

"Nyamazeni!" akapiga kelele Mzee Salum.

Wote wakanyamaza. Mzee mnene akabaki amelala, mdomo wazi. Hata paka akasimamisha mkia.

"...ndugu zangu, jambo la tatu ni..."

Chwaaa! Ikatoka sauti ya andazi linapoingia kwenye mafuta. Kamoshi kembamba kakapanda kutoka kwenye tundu la pembeni. Pa! Giza.

Nikamtazama Mzee Salum usoni. Nasema usoni, kwa mara ya kwanza, maana nilitaka kujua kama nakufa. Hakuwa na hasira. Alikuwa amechoka tu, kama mtu aliyefika mlangoni akakuta funguo amesahau.

"Neno moja," akasema. "Lilibaki neno moja."

Nikaanza kukusanya vitu vyangu. Bi Tatu akanishika begi. "Unakwenda wapi na tumbo hilo? Kaa chini." Nikakaa. Nikasaidia kubeba maji. Magharibi ilipoingia wakafungua kwa tende, nami nikapewa uji, mihogo ya nazi na sambusa. Nilikula nimeinama. Kila sambusa iliyopita, mzee mnene aliuliza, "Hii imekaangwa kwenye kompyuta gani?" Wakacheka. Ya tatu na mimi nikacheka kidogo, ndani ya kikombe.

Nilipoaga, Mzee Salum akanisindikiza mpaka ukingo wa kibaraza. Pale alipokuwa fundi saa palikuwa hapo hapo, patupu, pamefagiliwa.

"Umetoa nyuzi zote zile na hukupoteza hata skrubu moja," akasema. "Nimeona. Kesho asubuhi rudi. Utayafuta hayo mafuta yote. Tone la cherehani utamwomba Chande, kwa mdomo, mimi nasikia. Ute utakwenda kununua pale ng'ambo, kwa mdomo. Alasiri tutakaa tena. Tukilisikia jambo la tatu, meza ni yako."

"Na tusipolisikia, mzee?"

"Utakaa jikoni na Bi Tatu. Amekupenda. Anasema una mkono wa kukadiria moto."

Basi ndiyo hivyo. Neema bado anagonga. Anasema nyumba nzima inanukia na yeye ana njaa. Nyie mnaotaka kucheka, chekeni huko huko mliko, msinitumie hata kicheko kimoja hapa.

Ila nina ombi moja. Kama kuna mtu kati yenu anayelijua jambo la tatu la subira, aniandikie kabla ya kesho alasiri. Kompyuta ikizima tena, nitasimama niliseme mwenyewe, kwa mdomo wangu, nikitazama vidole vyao.